Mkunga Mmoja

Hebu niambie, wewe unayesoma: umewahi kumwona samaki akizalisha mtu?

Usicheke, jibu kwanza. Mimi niliulizwa swali hilo na serikali, kwa maandishi, nikapewa siku saba za kulijibu. Siku saba zenyewe sikuwa nazo, maana mjukuu wangu Sikudhani alikuwa na mimba iliyokuwa inasonga mbele bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Naitwa Bi Somoe. Elimu yangu ni darasa la saba, na cheti ninacho, kiko ndani ya bati la biskuti pamoja na kadi za kliniki za watoto wangu sita. Kusoma najua, kuhesabu najua, na kusubiri najua kuliko vyote viwili. Lakini mwaka huo kusubiri kulinishinda. Nilikuwa nikikaa nasimama, nikisimama nakumbuka kitu nje, nikifika nje nakisahau.

Jina la nchi yetu siliandiki. Kuliandika kunahitaji kibali, vibali vinatolewa Jumanne, na leo si Jumanne.

Serikali yetu, kwa kutupenda, ilitutengenezea Daftari Kuu la Taifa. Si daftari la karatasi. Limo ndani ya kompyuta, na kila raia anaruhusiwa kuandika humo na kusahihisha alichoandika mwenzake. Nyuma ya kila ukurasa kuna Baraza, mahali pa kubishana kabla hujabadilisha neno. Jambo zuri, hata leo nalisifu. Kisha ikatoka amri kwamba kilichomo kwenye Daftari ndicho cha kweli, na kisichomo hakipo. Mlima mmoja kule kaskazini ulisahaulika kuandikwa, na mabasi yakaamriwa kupita katikati yake.

Kijiji chetu cha Likwachu kilikuwa na ukurasa wa mistari mitatu. Wa tatu ulisema hivi: "Zahanati ina vitanda vinne, mizani moja na mkunga mmoja."

Mkunga huyo ni Nesi Zawena. Mwanamke mfupi, viatu vya ngozi namba tano, saa ameibandika kifuani kichwa chini miguu juu ili yeye aione sawasawa. Miaka ishirini na sita yuko kwetu, na sijamsikia akisema sentensi mbili mfululizo, kwa sababu kila akianza ya pili mlango unagongwa. Kila Desemba aliandika barua moja, akailamba bahasha, akaipeleka posta mwenyewe. Tulidhani ni salamu za mwaka mpya.

Sasa sikia. Wizara ya Samaki na Viumbe Wanaoteleza iliagizwa kuhakiki mali zake zote. Unajua kwamba mkunga pia ni samaki, yule mrefu kama nyoka, anayekaa kwenye mashimo ya miamba na kung'ata vidole. Wakaandika "mkunga" kwenye Daftari, Daftari likatafuta. Pwani nzima wakawakuta wamejaa tele. Na mmoja wakamkuta peke yake, kilomita mia nne kutoka baharini, ndani ya zahanati.

Wakasema huyo ameibwa.

*

Walikuja Jumatatu saa tatu asubuhi na lori lenye tangi. Mimi nilikuwepo, nimempeleka Sikudhani kupimwa, miezi saba na siku tisa. Wakashuka mabwana wawili wamevaa mabuti ya mpira, mmoja ameshika wavu.

"Hodi. Tumekuja kumchukua mkunga."

"Karibuni," akasema Nesi Zawena. "Nani ameshikwa na uchungu?"

"Wewe ndiye mkunga?"

"Ndiye."

"Mko wangapi?"

"Mmoja tu. Na hilo ndilo ambalo kila mwaka na—"

"Inatosha," akasema yule bwana, akatia alama ya vema kwenye fomu. "Idadi inalingana na Daftari."

Wakampima. Urefu, mita moja na sentimita hamsini na sita. Uzito, kilo sitini na moja. Penye mapezi wakaandika "hayajaonekana". Dereva wa lori, kijana aitwaye Chande, alikuwa amejificha nyuma ya usukani kwa aibu, maana Nesi Zawena ndiye aliyempokea siku anazaliwa, miguu ikiwa imetangulia.

Walimpakia kwenye tangi, lakini kwa heshima: walipunguza maji yasimpite kiuno. Sisi wakatuachia stakabadhi. "Tumepokea mkunga mmoja, akiwa hai."

Sikudhani alinishika mkono. "Bibi, mimi nitazalia wapi?"

Swali la maana. Hospitali ya wilaya iko ng'ambo ya mto, na daraja la mto huo limo kwenye Daftari, mtoni halimo. Na mimi nina sababu ya kuogopa. Miaka tisa iliyopita, mwezi wa Desemba, mama yake Sikudhani, binti yangu Mwanahawa, alijifungua salama pale zahanati, kisha damu ikaanza kumtoka. Chumba cha pili kulikuwa na mzazi mwingine, mtoto amekaa vibaya. Nesi Zawena alikuwa anakimbia huku na huku, mikono miwili, wazazi wawili. Yule mwingine alipona.

Sikumlaumu kamwe. Yeye ndiye aliyeacha kunitazama usoni.

*

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Akasoma stakabadhi, akavua miwani.

"Bi Somoe, mimi mwenyewe naona ni makosa. Lakini macho yangu hayamo kwenye Daftari. Nendeni Barazani mkajadili."

"Baraza liko wapi?"

"Kwenye kompyuta. Mnaingia kwa Jukwaa Rasmi."

Kompyuta Likwachu iko moja, ya chama cha ushirika, na anayeijua ni mmoja, Perpetua, tunayemwita Bi Pepe. Alipiga taipu ofisi ya wilaya miaka thelathini na moja mpaka akastaafu. Yeye ndiye anayetusomea barua za watoto wetu walioko mbali, zinazoingia kwenye kompyuta, na kwa muda mrefu nilidhani zinaitwa barua pepe kwa heshima yake.

Tukafungua Jukwaa Rasmi. Lilikuwa na vitufe kumi na vinne, na cha kwanza kilikuwa cha kuomba vingine vionekane. Ukavipata, ukaanza wimbo wa taifa, beti zote, na kamera inakuangalia kama umesimama. Bi Pepe ana goti bovu. Akitikisika kidogo wimbo unaanza upya.

Tukavuka hapo. Zikaja picha tisa na maneno: "Chagua zote zenye Mheshimiwa, tujue wewe ni binadamu." Zote tisa zilikuwa na Mheshimiwa. Tukachagua zote tisa. "Umekosea." Siku nne tulikosea. Siku ya tano nikaona mimi, kwa macho haya, kwamba hata kwenye tangazo la sabuni lililo pembeni, nyuma ya ndoo, Mheshimiwa yumo.

Ndipo tukaulizwa aina ya hoja yetu. Tulipewa nafasi ya kuchagua: pongezi, pongezi za dhati, au shukrani.

"Weka shukrani," nikasema.

Bi Pepe akaweka shukrani. Likafunguka dirisha dogo la kuandikia, lenye nafasi ya herufi ishirini na moja. Akaandika, "Asante ila tunaomba m", dirisha likajaa, na mtambo ukatangaza kwamba umekwenda kula chakula cha mchana. Uliporudi ulikuwa umetusahau. Wimbo wa taifa ukaanza.

Siku kumi na moja ziliishia hapo. Miguu ya Sikudhani ilikuwa imeanza kuvimba. Kila jioni nikiiminya kwa kidole, kishimo kinabaki, nami nahesabu kinachukua muda gani kujaa.

*

"Bi Somoe, kaa chini, unanizungushia kichwa," Bi Pepe akaniambia siku ya kumi na mbili. Alikuwa anashusha ukurasa wa Jukwaa chini, chini, chini.

"Unatafuta nini huko? Mambo yako juu."

"Barua ya serikali haisomwi kuanzia juu, bibi wee. Juu kuna nembo. Unaanzia chini kabisa, pale mpiga taipu alipoweka herufi za jina lake. Huko ndiko kuna mtu aliyeifanya kazi."

Na kweli, chini kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, tukakuta: "Ukishindwa, tuma barua pepe kwenye anwani hii, itaingia Barazani yenyewe, na majibu utaletewa kwa barua pepe. Mimi pia vitufe vinanichosha. Fundi."

Bi Pepe akacheka mpaka akajishika goti. "Huyu mtu Mungu ampe umri."

Akafungua kitu anachokiita notipedi. Ukurasa mweupe mtupu, hauna rangi, hauna nembo, hausimamishi mtu. Unaandika unachoandika na kinabaki hichohicho. "Kama taipureta yangu," akasema, akanyoosha vidole. "Haya, sema."

Nikaanza na viatu vya Nesi Zawena.

"Viatu tuviache, Bi Somoe. Wakubwa hawasomi barua ndefu."

"Samaki gani anavaa viatu namba tano?"

Akafikiri. "Viatu vibaki."

Barua ikatoka hivi: "Kwa Baraza. Mkunga wa Likwachu si samaki. Anavaa viatu vya ngozi namba tano. Amezalisha watoto mia sita na arobaini na mmoja, na mmoja wao ndiye dereva wa lori lililomchukua. Mjukuu wangu amebakiza wiki sita. Tunaomba arudi. Somoe."

Bi Pepe akatuma. Sijanyanyuka kitini, barua ikawa Barazani, taifa zima linaiona. Siku kumi na moja za vitufe, na hii imekwenda kwa muda wa kupiga chafya!

Jibu lilikuja saa nane mchana:

: Hoja imepokelewa. Neno "mkunga" likiwa peke yake halijitambulishi. Wakiwa wawili, watu huitwa wakunga na samaki huitwa mikunga, ubishi unakwisha. Kwa kuwa zahanati ina mmoja, Wizara haina njia ya kujua. Leteni wa pili ili upatikane wingi. Aidha, jibuni ndani ya siku saba: mmewahi kumwona samaki akizalisha? A. Ligoha, Afisa Mikunga Msaidizi.

Nikasoma mara tatu. Kosa letu, kumbe, lilikuwa umaskini. Tungekuwa na wawili tusingeibiwa hata mmoja.

Bi Pepe akajibu palepale: "Wa pili hatuna. Huyo mliye naye, muulizeni mwenyewe."

::: Samaki haulizwi.

"Basi mmejuaje ni samaki?"

::::: Kwa kuwa hajasema.

Mara watu wa vijiji vingine, ambao nao walikuwa wamekwama kwenye picha za Mheshimiwa, wakaona mlango ulipo, na barua pepe zikamiminika. Shule moja ya mbali ilikuwa imeandikwa kwamba ina paa jipya. Wizara ya Wanyamapori ikaja ikaliezua, ikalipeleka mbugani, na kila asubuhi linapelekewa majani mabichi. Watoto wanasomea juani na wameahidiwa kwamba likizaa watapewa moja.

*

Hizo nukta mbili unazoziona mwanzo wa mistari inabidi nikueleze, kwa sababu ndizo zilizotuletea Tume.

Katika Baraza, anayejibu huweka nukta mbili mbele ya maneno yake, na maneno hayo husogea kulia kidogo, yakakaa chini ya yule anayejibiwa. Anayemjibu huyo anaongeza nyingine, anasogea zaidi. Ni kama kwenye mkeka: aliyekuja nyuma anakaa nyuma, basi. Ila wakubwa wetu waliangalia wakaona jambo la hatari. Mkubwa akimjibu raia, atakaa chini ya raia. Ndiyo maana tangu Daftari lianzishwe hakuna mkubwa aliyewahi kumjibu mtu. Ligoha alijibu kwa vile yeye ni msaidizi, hana cha kupoteza.

Alhamisi moja, Dokta Sifueli Mang'ombo, Katibu Mkuu wa Wizara ya Daftari na Ukweli, alikuwa kwa kinyozi. Simu ikalia. Akaona barua pepe, akadhani ni barua ya kawaida ya ofisini, akajibu kwa dole gumba. Barua ikakimbilia Barazani kama barua nyingine yoyote, mtambo ukaipanga kwa haki:

::::::: Nimeona. Huyu bibi ni nani? Ligoha malizana naye, mimi nanyolewa.

Nukta mbili saba! Chini ya msaidizi, aliye chini yangu mimi, wa darasa la saba, na pembeni kabisa kama mtu aliyekosa kiti harusini. Tena hapo ndipo watu walipogundua kwamba hata Katibu Mkuu mwenyewe anatumia barua pepe. Vitufe kumi na vinne ni vyetu.

Jioni akahutubia redioni. "Ndugu wananchi, hatutavumilia uongozi wa juu uonekane uko chini na pembeni kwa wakati mmoja. Tangu sasa nukta mbili zitabebwa na wananchi peke yao, kila mmoja kwa kadiri ya umbali wake na cheo anachokizungumzisha."

Wakapima umbali wangu na Katibu Mkuu, wakapata nukta mbili thelathini na nane. Kesho yake barua zangu zote zilikuwa zimesukumwa kulia mpaka ukutani mwa ukurasa, na kwa kukosa nafasi maneno yakaanguka herufi moja moja:

M
k
u
n
g
a

Bi Pepe alisogeza kiti karibu. Kisha akalichota Baraza lote, akalimwaga kwenye notipedi. Kule kila nukta inaonekana wazi, haina pa kujificha. "Tafuta nukta mbili," akaiambia kompyuta, "weka hewa." Zikafutika zote, maneno yakarudi kusimama mstarini.

"Ngoja na hii," akasema. Akachota pia waraka wa Katibu Mkuu, kurasa thelathini na sita, wenye bendera zinazopepea na tai wa dhahabu anayekunjua mbawa. Notipedi haijui bendera wala tai. Waraka ulipotua pale, yalibaki maneno mawili.

"Tutaunda Tume."

"Ndiyo yote?" nikauliza.

"Ndiyo yote, mwenzangu. Mengine yalikuwa nguo."

Akaandika barua fupi, akaituma kwa taifa zima: "Tumesoma waraka. Umesema Tume. Iletwe Likwachu, na mkunga aje nayo. Zimebaki wiki mbili." Watu wa vijiji vyote wakaituma tena na tena, chini yake wakiweka neno moja, "Iletwe", mpaka Daftari likawa halina pa kupumulia.

Wakati huo Chande dereva alikuwa anatuletea habari. Nesi Zawena amewekwa kando ya bwawa la Wizara. Anapimwa urefu kila asubuhi. Wake watatu wa wafanyakazi wamekwisha kujifungua mikononi mwake palepale ukingoni, na Wizara imeandika kwenye ripoti kwamba bwawa linazaliana vizuri.

"Amesema neno lolote?" nikamuuliza.

"Aliniambia, 'Chande, mwambie Bi Somoe kwamba mimi siku zote nili—', filimbi ya kulishwa ikapigwa."

*

Tume ilifika Ijumaa ya wiki ya mwisho. Ilipangwa saa nne, ikafika saa saba na nusu. Katibu Mkuu na tai nyekundu. Ligoha, mwembamba, na mafaili. Mabwana wa mabuti wakabeba vitu viwili wakaviweka mezani pale zahanati: Nesi Zawena, amefungwa kibandiko cha Kielelezo A mkononi, na karai lenye mkunga wa baharini, Kielelezo B, anazungukazunguka kwa hasira. Zawena hawakumpandisha juu ya meza, nisiwasingizie. Walimweka kwenye kiti kando.

Kompyuta ya Tume ilikuwa inacheza wimbo wa taifa na ingeendelea kwa muda. Katibu Mkuu akamnong'oneza Bi Pepe, "Mama, ile yako ya kuandika tu, unayo?" Bi Pepe akafungua notipedi, barua pepe ikiwa tayari nyuma yake.

"Kwa mamlaka niliyopewa," akaanza Katibu Mkuu, "na kwa kuzingatia unyeti wa viumbe vinavyohusika, Tume hii, ambayo ni ya kwanza ya aina yake katika ukanda huu wa—"

"Bibi," Sikudhani akasema nyuma yangu. "Maji."

Nikageuka. Sakafu ilikuwa imelowa.

"Karai linavuja," akasema Ligoha, akaandika.

"Si la karai," akasema Nesi Zawena, amekwisha kusimama. "Chupa imepasuka."

"Kielelezo kimesema!" Katibu Mkuu akapiga meza. "Kifutwe kwenye kumbukumbu! Hakiruhusiwi kusema wala kufanya kazi kabla ya uamuzi."

"Kilichosemwa kimesemwa, Mheshimiwa," akasema Bi Pepe, vidole havikusimama. "Sijawahi kufuta maneno ya mtu kwa miaka thelathini na moja."

Nesi Zawena alikwisha kunawa. "Wanaume nje. Wewe wa mabuti, chemsha maji. Wewe wa tai, toka na samaki wako."

Na Katibu Mkuu, ambaye hata waziri hamwambii toka, akabeba karai akatoka nalo.

Uchungu wa Sikudhani ulikuwa wa haraka. Saa kumi kasoro robo mtoto akalia, wa kike, kilo tatu kamili kwa ile mizani yetu moja. Nikaanza kushukuru. Kisha nikaona uso wa Nesi Zawena umebadilika, nikaangalia alikokuwa anaangalia yeye. Damu. Nyekundu, haisimami, kama ile ya Mwanahawa.

"Bi Somoe." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Njoo hapa. Weka mkono hapa chini ya kitovu. Kanda. Kwa nguvu. Usiache hata nikikwambia nini."

Nikakanda. Yeye akachoma sindano, akaangalia kondo la nyuma kama limetoka lote, akarudi. Mikono yangu haikuacha. Sikudhani alikuwa ananitazama mimi, na macho yake ni ya mama yake. Nikakanda. Chini ya kiganja changu nikasikia tumbo linakuwa gumu, gumu kama ngumi.

"Inasimama," akasema Nesi Zawena. "Endelea. Inasimama."

Ikasimama.

Hapo ndipo alipoinua macho akanitazama usoni, mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Mikono minne ilikuwa juu ya shuka.

*

Tume ilirudi ndani taratibu, ikinyata kwa ncha za vidole. Ligoha alikuwa analia na hakutaka ijulikane. Katibu Mkuu alikuwa ameng'atwa kidole na Kielelezo B, amekifunga kwa tai.

Akakohoa. "Baada ya kuona kwa macho na kusikia kwa masikio, Tume imejiridhisha pasipo shaka kwamba Kielelezo A kinaelekea upande wa binadamu. Kirudishwe. Ukurasa wa Likwachu usomeke: 'Zahanati ina vitanda vinne, mizani moja na mkunga mmoja, mtu.' Mama, andika hivyo utume."

Bi Pepe akaandika mpaka "mizani moja na", akaacha vidole hewani.

"Na kwa kuwa serikali yetu ni sikivu," akaendelea Katibu Mkuu, "mkunga anapewa nafasi ya neno moja. Kwa kawaida hapa hutolewa shukrani."

Nesi Zawena alikuwa anajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. Nikangoja mlango ugongwe. Haukugongwa. Nikaangalia filimbi, lori, mtu yeyote wa kumkatiza. Hakuna aliyethubutu.

"Kila Desemba nimeandika," akasema. "Barua tisa, tangu Mwanahawa. Hamkujibu hata moja."

"Ziliandikwa kwa Jukwaa?" Katibu Mkuu akauliza.

Nesi Zawena alimgeukia Bi Pepe, akang'oa kile kibandiko mkononi.

"Usiandike mmoja, Bi Pepe. Andika wakunga. Nataka mwenzangu."